Lori la Tajiri Baada ya Saa Kumi na Mbili

Lipo jambo moja ambalo sisi watu wa Karagwe tumelizoea mno, hata hatulioni tena kuwa ni jambo. Nalo ni kazi zinazofanywa na malori wakati yanapokuwa hayako kazini. Mchana lori la biashara hubeba kahawa, ndizi, maharage, mbao, saruji na mabati. Hiyo ndiyo kazi iliyoandikwa katika leseni yake, na ndiyo inayotangazwa na kibao chake cheupe cha namba. Lakini jua likizama, na hasa siku ya Jumapili, lori hilo hilo hubeba maiti na wafiwa, bibi harusi na wapiga ngoma, mgonjwa aliyezidiwa, timu ya mpira, na dereva mwenyewe anapokwenda kumwona mama yake. Nani ametoa ruhusa? Hakuna. Nani amekataza? Hakuna pia. Na hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia.

Nitasema wazi tangu mwanzo ninachokusudia. Mimi sidai kwamba madereva waachiwe mali za watu wazitumie wapendavyo. Wala sidai kwamba malori yafungiwe uani kila jioni kama mbuzi. Ninadai kitu kidogo zaidi: kwamba mwenye lori aseme kwa maandishi, kabla ya ajali na si baada yake, lori lake laweza kufanya nini baada ya saa za kazi, na lisifanye nini. Kimya chake cha sasa si upole. Ni biashara, ambayo faida yake anaichukua yeye na hasara yake wanaachiwa wengine.

Nimeishi Kihanga kwa miaka mingi, na kwa misimu kadhaa nilikuwa karani wa kupima kahawa. Karani wa kahawa huishi na madereva. Hula nao, huwasubiri gari linapokwama katika tope, na hukesha nao mzigo unapochelewa kupakiwa. Kwa hiyo ninayoyasema hapa si ya kusimuliwa.

Hebu tuyatazame maisha ya dereva jua linapotua. Tajiri yuko Bukoba, au Mwanza, au pengine Kayanga tu hapo karibu. Lori limelala Kihanga kwa sababu mzigo haujatimia. Dereva na utingo wake wanalala ndani ya lori hilo, mmoja kwenye kiti na mwingine juu ya magunia chini ya turubai. Si kwamba wanapenda. Wanalinda betri, dizeli, tairi la akiba na turubai lenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kwamba mfanyakazi, kwa kawaida, apate saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, na saa 24 kila wiki. Je, huyu anayelala na mkono mmoja juu ya usukani yuko kazini au amepumzika?

Muulize tajiri, naye atakupa majibu mawili kufuatana na kilichotokea. Betri ikiibwa saa tisa ya usiku, dereva alikuwa kazini, na fedha ya betri itakatwa katika mshahara wake. Lori likipinduka saa tisa ya mchana siku ya Jumapili likiwa na waombolezaji, dereva hakuwa kazini, na yaliyotokea ni yake mwenyewe. Mtu ni yule yule, lori ni lile lile, na tajiri ni yule yule. Kilichobadilika ni upande ambao fedha inatakiwa kutokea.

Sasa tuje kwenye msiba, maana ndio unaoyaita malori kuliko jambo lolote. Katika nchi yetu hii ya migomba, mtu huzikwa kwao, katika kibanja chake au cha baba yake. Akifia hospitali ya Nyakahanga ataletwa nyumbani. Akifia Mwanza au Dar es Salaam ataletwa vile vile, hata kama ndugu watauza ng'ombe. Habari ikishafika kijijini, swali la kwanza baada ya kilio ni hili: "Nani ana gari?" Na macho yote humgeukia dereva aliyeegesha lori karibu na maduka. Huyo si mtu wa kampuni kwa wakati ule. Ni mtoto wa fulani, shemeji wa fulani, jirani. Wazee humwendea kwa upole wakamwita "mwanetu". Akikubali, amelitumia lori la mwenyewe bila idhini. Akikataa, atakuwa yule aliyeacha maiti ilale barabarani, na jina hilo litakwenda naye hadi watoto wake watakapotaka kuoa.

Hivyo dereva husimama mbele ya mahakama mbili kwa siku moja: mahakama ya kijiji na mahakama ya tajiri. Ya kijiji huhukumu papo hapo. Ya tajiri husubiri hadi kitu kiharibike.

Nilipata kuketi katika kikao kimoja ambacho sitakisahau. Lori la mfanyabiashara mmoja, ambaye jina lake nitaliacha, lilikuwa limetoka kuzika likashindwa breki katika mteremko likaingia migombani. Kwa rehema ya Mungu hakufa mtu, lakini mama mmoja alivunjika mguu mara mbili na kijana mmoja akaumia mgongo. Siku ya tatu tajiri alifika. Alilizunguka lori kwanza, akalitazama chini, akapiga tairi teke. Kisha akaketi mbele ya wazee akasema maneno mawili tu: "Mimi sikumtuma." Dereva alikuwa ameketi pembeni akitazama chini. Hakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Miezi miwili kabla ya hapo palikuwa na mazishi mengine katika kijiji hicho hicho, na lori lilikuwa hilo hilo. Baada ya kuzika, msemaji wa familia alisoma shukrani kama ilivyo desturi. Alishukuru viongozi wa dini, madaktari, majirani, kisha akamtaja tajiri huyo kwa jina lake lote, akamshukuru "kwa kutupatia gari". Tajiri alikuwapo. Aliinuka nusu, akainamisha kichwa, akapokea makofi. Hakusema siku ile kwamba hakumtuma mtu.

Ndiyo maana nasema kimya hiki ni biashara. Tajiri hununua kwa kimya hicho heshima ya kijiji, na heshima ya kijiji kwa mnunuzi wa mazao ni fedha. Mkulima humwuzia kahawa au maharage yule aliyemsaidia wakati wa kilio. Hununua pia mlinzi wa usiku asiyelipwa, kwa kuwa dereva anayejua kwamba anaweza kwenda kwao na lori Jumapili hataudai ujira wa kulilinda Jumatatu hadi Jumamosi. Yote hayo anayapata bila kutoa neno moja linaloweza kumfunga.

Na sheria je? Sheria, kwa bahati mbaya, inamfaa mtu anayenyamaza. Sheria yetu ya madai ilirithiwa kwa sehemu kubwa kutoka Uingereza, na kanuni ya huko juu ya mtumishi na gari la bwana wake ni ya zamani. Mwaka 1834, katika kesi ya Joel na Morison, mtu aliyegongwa na mkokoteni wa farasi alimdai mwenye mkokoteni. Jaji Parke alieleza kwamba bwana hulipa ikiwa mtumishi alikuwa katika shughuli ya bwana, hata kama alipinda njia kidogo. Lakini mtumishi akiwa amekwenda katika matembezi yake mwenyewe kabisa, bwana hahusiki. Mdai yule alishinda. Hata hivyo mlango ulikuwa umeachwa wazi, na wengi wamepita humo tangu siku hiyo.

Mwaka 1946 ikaamuliwa huko huko kesi ya Twine. Dereva wa gari la mizigo la kampuni alimpa mtu lifti kinyume cha amri ya mwajiri wake, na ndani ya gari kulikuwa na tangazo la kukataza abiria wasioruhusiwa. Mtu yule akafa katika ajali. Mjane wake akaidai kampuni, akashindwa, kwa sababu kumpa mtu lifti hakukuwa sehemu ya kazi aliyoajiriwa dereva kuifanya. Mahakama zetu hazifungwi na hukumu kama hiyo ya mwaka 1946, lakini huzisoma hukumu za namna hiyo na kuzipima. Kwa hiyo yule mama aliyevunjika mguu, akitaka kumshitaki tajiri, angekutana kwanza na kivuli cha mjane yule.

Lakini msomaji aangalie tofauti. Kampuni ile ya Uingereza ilikuwa imekataza. Ilibandika tangazo ambalo abiria angeweza kulisoma kabla ya kupanda. Matajiri wetu wanataka kinga ya yule aliyekataza bila ya kukataza, na shukrani za yule aliyeruhusu bila ya kuruhusu. Haki haiwezi kumpa mtu vyote viwili.

Bima nayo haiponyi. Bima ya lori hukatwa kwa kazi iliyotajwa, na kazi iliyotajwa ni mizigo. Watu arobaini waliosimama katika bodi wakishikana mabega si mizigo, na si abiria halali pia. Wanapoanguka huanguka katikati ya vifungu viwili. Wengi waliomo mle ndani wanadhani kwamba bima ya lori inawahusu. Hakuna aliyewaambia vinginevyo.

Wapo watakaosema kwamba tajiri yuko mbali na hawezi kujua lori lake linafanya nini Jumapili. Udhuru huo ulikuwa na uzito zamani, wakati simu ilikuwa posta na barabara ilikuwa vumbi. Leo lami imefika Karagwe kutokea Kyaka, na simu iko katika kila mfuko. Zaidi ya hayo, wenye malori wengi wamefunga vifaa vinavyowaonyesha, juu ya kioo cha simu, mahali gari lilipo na mwendo wake. Dereva akisimama dakika kumi asikotarajiwa, anapigiwa simu. Sasa iweje kifaa hicho kione kila kitu siku za kazi, kisha kipofuke Jumapili saa nane mchana? Anayeona lori lake likitoka hospitali kwenda makaburini, akanyamaza, ameruhusu. Na aliyeruhusu asije Jumatano akatuambia hakumtuma mtu.

Sasa niwatendee haki wenye malori, maana nao wana hoja. Lori ni mali ya thamani kubwa, mara nyingi limenunuliwa kwa mkopo, na benki haijui habari za msiba. Tairi moja ni mzigo kwa mfanyabiashara mdogo. Tena si kila dereva anayeondoka usiku anakwenda kuzika. Wapo wanaopakia mizigo yao na kupokea nauli wasizozipeleka kokote, na wapo wanaotafutwa na vyombo vya dola kwa kuvusha kahawa kwenda Uganda kwa njia za gizani. Huyo simtetei. Anayefanya biashara yake kwa lori la mwingine, kwa dizeli ya mwingine, anaiba, na kuwa masikini hakulibadilishi jina la kitendo hicho.

Lakini hoja hiyo inanisaidia mimi kuliko inavyomsaidia tajiri. Palipo na kimya, mwizi na msamaria hufanana. Wote wawili wameondoka bila karatasi. Tajiri anayekataa kuandika anamwadhibu aliyebeba mgonjwa na kumwachia aliyebeba magendo, kwa kuwa wa pili anajua kujificha.

Wengine husema, haya mambo ya kuandika ni ya Wazungu, sisi tunaishi kwa undugu. Kwanza, ni kweli kwamba wenzetu wameandika. Nchini Marekani idara ya serikali inayosimamia usalama wa malori ilitoa mwongozo mwaka 2018 juu ya jambo hili hili: dereva aliyemaliza kazi na kuondolewa majukumu yote anaweza kulitumia lori kwa shughuli zake binafsi, hata likiwa na mzigo, na muda huo uandikwe kuwa wa mapumziko. Lakini haruhusiwi kuutumia mwanya huo kusogea karibu na mahali pa kupakia kesho, kwa kuwa hiyo ni kazi iliyovaa nguo za mapumziko. Na mwajiri anaweza kuweka masharti makali zaidi, au kukataza kabisa. Sisemi sheria hiyo iletwe Kihanga kama ilivyo. Nasema tu kwamba nchi yenye malori mengi kuliko yetu iliona kwamba swali hili lastahili jibu la maandishi.

Pili, si kweli kwamba kuandika ni kugeni kwetu. Gari la serikali lina kitabu cha safari, ambamo huandikwa limetoka wapi, limekwenda wapi na kwa kazi ya nani. Wazee wenzangu wanakumbuka pia miaka ile ya shida ya mafuta, ilipokatazwa kuendesha magari Jumapili baada ya saa nane mchana bila kibali. Tulinung'unika, lakini kila mtu aliijua saa yake. Na majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, malori ya mashirika na ya watu binafsi yaliitwa yakabeba askari na vifaa vya vita. Hakuna aliyeuliza kama ni saa za kazi. Lakini kila mtu alijua ni nani aliyeyaita na kwa nini. Kisicho desturi yetu ni hiki cha leo, cha gari kutembea kwa niaba ya mtu asiyejulikana.

Nasi wanakijiji tusijifanye malaika. Tunamshika dereva mkono mbele ya maiti, tunamwita mwanetu, tunajaza bodi hadi watoto wanakaa juu ya kichwa cha gari. Kisha tajiri akija, tunakaa kimya kama yeye. Katika kikao kile nilichokitaja, hakuna mzee hata mmoja kati ya waliomwomba dereva aliyesimama kusema, "Sisi ndio tuliomwita." Dereva alifukuzwa kazi juma lile. Tuna vyama vya kufa na kuzikana karibu kila kitongoji, tunachangia sukari, maharage, sanda na jeneza, lakini mara chache tunachangia gari la halali la kubeba watu. Tunaona ni gharama. Gharama ya mguu wa yule mama aliilipa nani?

Ninachotaka, basi, ni hiki. Tajiri ampe dereva wake karatasi moja, yenye sahihi mbili. Iseme kama dereva anaweza kwenda kwake na lori na kurudi, na umbali gani. Iseme kwamba msiba ukitokea, ombi litumwe kwa simu na jibu lirudi kwa maandishi, ndiyo au hapana, na akijibu ndiyo awe amekubali na yatakayofuata. Iseme kwamba jeneza na wachache wa kulishika waweza kupanda, lakini umati usipande katika bodi, siku ya kilio wala siku ya harusi. Iseme kwamba mgonjwa wa kufa na kupona haombewi kibali, na kwamba dereva hataadhibiwa kwa kumwokoa. Na iseme ujira wa kulinda gari usiku, kwa sababu anayelinda yuko kazini.

Tajiri anayetaka kukataza yote na akataze. Nitamheshimu kuliko yule anayenyamaza. Abandike tangazo mlangoni mwa gari, kwa Kiswahili na kwa Kinyambo, ili mzee anayemwendea dereva ajue kwamba anamwomba mtu jambo litakalomgharimu chakula cha watoto wake. Kijiji kitatafuta gari lingine. Tulizika watu wetu kwa machela kabla ya lori la kwanza kufika huku.

Katika maduka yetu ya zamani ilikuwa kawaida kukuta maneno haya yamebandikwa ukutani: mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara wetu wameyashika sana. Wanaandika kila gunia, kila debe la dizeli, kila shilingi ya posho. Ukifungua daftari la lori lolote lililolala Kihanga utajua lilibeba kilo ngapi Ijumaa na lilitumia lita ngapi Jumamosi. Ukurasa wa Jumapili ni mweupe. Nawaomba wenye malori wauandike ukurasa huo, kabla hatujauandika sisi kwa majina ya walioumia.